Sura ya Tano: Malalamiko Mbele ya Madhabahu

Ushairi wa Kikristo katika lugha ya Kiingereza una umri wa zaidi ya miaka 1,300, na kwa muda huo wote umebebeshwa kazi mbili ambazo mara nyingi huvutana, kwa kuwa umetakiwa kumsifu Mungu kwa niaba ya jamii ya waumini, na papo hapo umejikuta ukimwambia Mungu yale ambayo jamii hiyo haithubutu kuyatamka ibadani. Kazi ya kwanza imezaa tungo nyingi zaidi na ndiyo inayofahamika na watu wengi. Hata hivyo, hoja ya sura hii ni kwamba tungo zilizodumu, zile ambazo hata msomaji asiye Mkristo huzirudia, zimetoka kwa wingi katika kazi ya pili, yaani katika malalamiko. Malalamiko hapa yachukuliwe kwa maana wanayoitumia wataalamu wa Agano la Kale wanapozichambua zaburi za maombolezo: ni usemi wa mtu anayemshtaki Mungu kwa Mungu mwenyewe, na ambaye, kwa kuendelea kusema naye, anaonyesha kwamba hajamwacha.

Jambo la pili la kuwekwa wazi mapema ni la kiufundi. Arudhi ya Kiswahili husimama juu ya mizani, yaani idadi ya silabi katika kila mshororo, na juu ya vina vinavyopangwa kati na mwisho. Arudhi ya Kiingereza nayo huzingatia zaidi mikazo, kwa sababu katika lugha hiyo silabi moja hutamkwa kwa nguvu na nyingine humezwa, na sikio la msikilizaji hufuata mapigo ya zile zenye nguvu. Tofauti hiyo inahusika na mada ya imani, kwa kuwa washairi wakubwa wa mkondo huu waliufanya mpangilio wa vina na mapigo ushiriki katika sala yenyewe, na mara nyingine uvunjike pamoja na mwenye kusali.

Utungo wa kwanza wa Kiingereza unaojulikana pamoja na jina la mtunzi wake ni wimbo wa mistari 9 wa Caedmon, mtu aliyetunza mifugo katika monasteri ya Whitby, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, wakati monasteri hiyo ilipokuwa chini ya mama mkuu Hilda kati ya mwaka 657 na 680. Habari zake zimehifadhiwa na Bede, mtawa na mwanahistoria aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731. Bede anasimulia kwamba Caedmon alikuwa na desturi ya kuondoka karamuni kila alipoona kinubi kinamkaribia, kwa kuwa hakujua kuimba, hadi usiku mmoja alipotokewa ndotoni na mtu aliyemwamuru aimbe habari za uumbaji. Tangu hapo watawa walimsomea sehemu za Maandiko, naye akazitafakari kama mnyama anavyocheua, mfano ambao ni wa Bede mwenyewe, kisha akazirudisha zikiwa mashairi. Katika wimbo wake huo mfupi Mungu anatajwa kwa majina mengi, na mengi kati yake ni ya watawala na walinzi, msamiati uleule ambao washairi wa makabila ya Kijerumani waliutumia kuwasifu mabwana zao wa vita. Dini mpya iliikuta lugha ya sifa ikiwa tayari, ikaielekeza kwa bwana mwingine.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa na mtunzi asiyejulikana jina, katika shairi ambalo wasomi wamelipa jina la Ndoto ya Msalaba. Shairi hilo limo katika kitabu cha mkono cha karne ya 10 kinachohifadhiwa katika kanisa kuu la Vercelli, kaskazini mwa Italia, na mistari inayolingana na sehemu zake imechongwa kwa herufi za kale kwenye msalaba wa mawe wa Ruthwell, kusini mwa Uskoti, ambao ni wa karne ya 8. Anayesimulia mateso ya Yesu humo ni mti wenyewe wa msalaba, uliokatwa ukingoni mwa msitu na kulazimishwa kumbeba bwana wake. Kristo anachorwa kama shujaa kijana anayevua nguo na kuupanda msalaba kwa hiari, huku maumivu, hofu na fedheha vikiachiwa mti, ambao ungeweza kuwaangukia maadui na kuwaponda lakini umekatazwa kuinama. Wataalamu wengi wameona hapa jibu la kishairi kwa fundisho gumu la Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, lililosema kwamba Kristo ana asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, bila mchanganyiko wala mgawanyiko, kwa maana mtunzi ameutwika mti ule udhaifu ambao asingependa kumtwika Mungu. Ndani ya tafsiri hiyo mna pia shtaka la kwanza zito katika mkondo huu: mtumishi mwaminifu anaamriwa na bwana wake awe chombo cha kumuua, na utii wake ndio unaomfanya mshiriki wa mauaji.

Karne zilizofuata zinaweza kupitiwa kwa haraka, ingawa si kwa sababu ya uhaba wa tungo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilishika nafasi ya juu, na Kiingereza kiliporudi kwa nguvu katika karne ya 14 kilileta shairi refu la William Langland kuhusu Piers mkulima, ambalo linawakemea mapadri wala rushwa na kumtafuta Kristo miongoni mwa maskini, pamoja na shairi la Lulu, lenye beti 101, ambamo baba aliyefiwa na binti mdogo anamwona ng'ambo ya mto wa peponi na kubishana naye juu ya haki ya Mungu. La pili linastahili wasomaji wengi kuliko lilionao, kwa kuwa binti anayajibu maswali yote ya baba kwa usahihi wa kitheolojia na baba hafarijiki.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Matengenezo ya Kanisa, yaani mvutano wa karne ya 16 uliozaa Uprotestanti. Agano Jipya la Kiingereza la William Tyndale lilichapishwa mwaka 1526, mwenyewe akauawa mwaka 1536, na Kitabu cha Sala kwa Wote cha Kanisa la Uingereza kikatoka mwaka 1549. Kwa washairi, hata hivyo, kitabu chenye uzito kuliko vyote kilikuwa Zaburi. Waprotestanti wengi wa Uingereza walikubali kuimba kanisani maneno ya Biblia peke yake, hivyo zaburi zilifasiriwa kwa vina na mizani ili mkutano wote uziimbe, na fasiri iliyoenea zaidi, ile ya Thomas Sternhold na John Hopkins iliyokamilishwa mwaka 1562, ilitumia kwa wingi bahari ya silabi 8 na 6 kwa kupokezana, bahari nyepesi ya nyimbo za mitaani. Zikisomwa kwa macho ya leo, fasiri hizo ni za kuchosha. Fasiri iliyowafundisha washairi ilikuwa nyingine, iliyoanzishwa na Philip Sidney, ambaye alikuwa amefika Zaburi ya 43 alipokufa kwa jeraha la vita mwaka 1586, na kukamilishwa na dada yake Mary, mke wa mtawala wa Pembroke, aliyefasiri zaburi 107 zilizobaki. Karibu kila zaburi ilipewa umbo lake la pekee la ubeti, kana kwamba kila hali ya moyo ina bahari yake. Kazi hiyo ilisambaa kwa nakala za mkono na haikuchapwa hadi mwaka 1823, lakini John Donne aliijua na kuitungia shairi la sifa. Mtu aliyezoea kuzifasiri zaburi hawezi kuepuka ile ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kumalizika gizani bila neno la tumaini, na akiisha kuikubali hiyo kuwa sala halali, mlango wa malalamiko umefunguka.

Donne aliupitia mlango huo kwa kishindo. Alizaliwa mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki wakati Ukatoliki ulipokuwa hatari; ndugu yake Henry alikufa gerezani mwaka 1593 baada ya kumhifadhi padri, na Robert Southwell, Mjesuiti na mshairi, alinyongwa Tyburn mwaka 1595. Donne alihamia Kanisa la Uingereza, akapadirishwa mwaka 1615, na kuanzia 1621 hadi kifo chake mwaka 1631 alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Mkewe Anne alifariki mwaka 1617, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa 12 aliyezaliwa mfu. Soneti zake takatifu, ambazo ni 19, zinapaswa kusomwa kwa kukumbuka historia hiyo. Soneti ni shairi la mistari 14 ambalo kwa kawaida hujenga hoja katika mistari ya mwanzo na kuigeuza kuelekea mwisho, na ndiyo maana lilimfaa mtu mwenye akili ya kiwakili. Katika soneti iliyo maarufu kuliko zote anamtaka Mungu wa nafsi tatu amvunje na kumteka kwa nguvu, akijifananisha na mji uliotwaliwa na adui, na anafikia hatua ya kuomba utumwa uwe uhuru wake. Vitenzi vinarundikana na mapigo yanagongana, kiasi kwamba anayesoma kwa sauti hukosa pumzi. Theolojia iliyo nyuma yake ni fundisho la neema lililotiliwa mkazo na wanamatengenezo, kwamba mwanadamu hawezi kumgeukia Mungu kwa uwezo wake. Donne analichukua fundisho hilo kwa uzito wote na kumwambia Mungu kwamba, ikiwa ndivyo, basi lawama ya kuchelewa si ya mwanadamu.

George Herbert, aliyezaliwa Wales mwaka 1593, ana sauti ya chini zaidi, naye kwa hukumu ya sura hii ndiye bingwa wa mkondo wote. Alikuwa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge tangu mwaka 1620, akaketi bungeni mwaka 1624, kisha akaiacha njia ya vyeo na kuwa kasisi wa parokia ndogo ya Bemerton karibu na Salisbury mwaka 1630, akafariki kwa kifua kikuu tarehe 1 Machi 1633. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba alipokuwa akikaribia kufa alimpelekea rafiki yake Nicholas Ferrar wa Little Gidding mswada wa mashairi yake, akimwachia uamuzi wa kuuchapa au kuuchoma. Ulichapwa mwaka huohuo kwa jina la Hekalu.

Uzito wa Herbert unaonekana vizuri katika shairi linaloitwa Denial, yaani kukataliwa. Lina beti 6 za mishororo mitano, na mada yake ni sala isiyojibiwa. Katika kila ubeti mishororo minne ya kwanza inapokezana vina kwa utaratibu, lakini wa mwisho unabaki bila mwenzake, na mhakiki wa Kiswahili angeliita shairi la namna hiyo guni, yaani shairi lililopungukiwa na vina au mizani. Upungufu huo unarudiwa ubeti baada ya ubeti hadi sikio linaudhika. Katika ubeti wa sita mshairi anaomba Mungu amkubalie ili moyo wake na utungo wake vipate kupatana, na hapo, kwa mara ya kwanza, mshororo wa mwisho unapata kina chake. Hakuna mahali shairi linaposema kwamba sala imejibiwa. Jibu, kama lipo, limo ndani ya kina. Shairi la The Collar linakwenda mbali zaidi: mnenaji ni kasisi anayepiga meza na kutangaza kwamba amechoka na utumishi usio na malipo, mistari yake ni mirefu na mifupi bila mpango, vina vimetawanyika, na ni katika mistari minne ya mwisho tu, inaposikika sauti inayomwita kama mzazi anavyomwita mtoto, ndipo vina vinapojipanga kwa kupokezana. Uasi umepewa mistari 32 kamili, na utii minne. Uwiano huo unaeleza heshima ambayo Herbert aliipa hasira ya mwamini, heshima ambayo mahubiri mengi hayaipi.

Shairi linalofunga mashairi mafupi ya kitabu chake linaufanya Upendo kuwa mwenyeji anayemkaribisha mgeni mezani, na mgeni anajitetea mara tatu kwamba hastahili hadi anapokubali kuketi na kula. Karamu hiyo ni Ekaristi na ni mbingu kwa wakati mmoja. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alilijua shairi hilo mwaka 1938, akawa analikariri wakati wa maumivu makali ya kichwa, na baadaye aliandika kwamba katika kulikariri ndipo Kristo alipomjia.

John Milton ni habari nyingine. Alipoteza uwezo wa kuona kufikia mwaka 1652, akiwa mtumishi wa serikali ya jamhuri iliyomkata kichwa Mfalme Charles I mwaka 1649, na ufalme uliporudishwa mwaka 1660 alikamatwa kwa muda na kunusurika. Utenzi wake mkuu, Paradise Lost, yaani Pepo Iliyopotea, ulichapwa mwaka 1667 ukiwa na vitabu 10, na kupangwa upya katika vitabu 12 mwaka 1674; una mistari zaidi ya 10,000, yenye mapigo matano kila mmoja na isiyo na vina. Lengo alilolitangaza ni kuitetea haki ya Mungu mbele ya wanadamu. William Blake aliandika zaidi ya karne moja baadaye kwamba Milton alikuwa upande wa Shetani bila kujijua, na tangu hapo wahakiki hawajaacha kubishana. Ukweli ni kwamba Mungu Baba katika kitabu cha tatu anazungumza kama mwanasheria anayejikinga kabla hajashtakiwa, ilhali Shetani, Adamu na Hawa wanazungumza kama viumbe wenye hasara. Ushairi huu unamruhusu aliyepoteza kusema, na unamdhoofisha anayejibu. Kama hati ya utetezi, Pepo Iliyopotea imeshindwa, na wasomaji wake wamefaidika na kushindwa huko.

Karne ya 18 ilirudisha ushairi wa imani mikononi mwa mkutano. Isaac Watts, aliyetoa kitabu chake cha nyimbo mwaka 1707, aliwashawishi Waprotestanti wa Kiingereza kwamba inafaa kuimba maneno yaliyotungwa na Mkristo mwenyewe, na Charles Wesley akatunga nyimbo kwa maelfu kwa ajili ya mwamko wa Wamethodisti. Wahakiki wa fasihi huzidharau tungo hizi kwa urahisi mno, wakisahau kwamba zimeingia katika vichwa vya watu wengi kuliko Donne na Milton wakijumlishwa. Afrika Mashariki inazifahamu kwa njia ya Tenzi za Rohoni, ambamo tenzi nyingi ni fasiri za nyimbo za Kiingereza, na bahari ya silabi 8 na 6 iliyotajwa hapo juu iliingia katika Kiswahili bila shida, kwa kuwa mizani 8 ni ya asili katika utenzi.

Mfano mzuri ni wimbo wa William Cowper kuhusu chemchemi iliyojaa damu ya Imanweli, ambao waimbaji wa Tanzania na Kenya wanaujua kwa Kiswahili, mizani yake 8 na 6 ikiwa imehifadhiwa na mfasiri. Cowper alikuwa mshairi mwenye kipaji kikubwa na maradhi mazito ya huzuni. Alijaribu kujiua zaidi ya mara moja, na mapema mwaka 1773 aliugua tena, akaota ndoto aliyoielewa kuwa hukumu ya Mungu dhidi yake. Kuanzia hapo hadi kifo chake mwaka 1800 aliamini kwamba wokovu upo, kwamba ni wa kweli kwa wengine wote, na kwamba yeye peke yake ametengwa nao. Nyimbo zake zilichapwa mwaka 1779 pamoja na za rafiki na kasisi wake John Newton katika kitabu cha nyimbo za Olney, mji mdogo walikoishi, baada ya mmoja wa watunzi hao kusadiki kwamba hana sehemu katika ahadi alizoziandika. Shairi lake la mwisho la Kiingereza lenye uzito, la mwaka 1799, linahusu baharia aliyeanguka kutoka melini na kuzama huku wenzake wakishindwa kumfikia. Mwishoni mshairi anasema wazi kwamba yeye amezama katika kina kibaya zaidi.

Newton naye hapaswi kupitwa kimya. Aliongoka baharini katika dhoruba ya mwaka 1748, lakini aliendelea na biashara ya watumwa, akiwa nahodha wa meli zilizowabeba Waafrika, hadi mwaka 1754, na alichapa waraka wake wa kuipinga biashara hiyo mwaka 1788 tu. Wimbo wake maarufu wa neema ulitumika Olney siku ya mwaka mpya wa 1773, miaka 15 kabla ya waraka huo. Mwaka huohuo wa 1773 kilichapwa London kitabu cha Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston mwaka 1761, ambacho kilibidi kitanguliwe na hati ya wanaume 18 mashuhuri wa Boston kuthibitisha kwamba Mwafrika mtumwa ndiye kweli aliyekitunga. Katika shairi lake fupi kuhusu kuletwa kwake kutoka Afrika, anaanza kwa kuita safari ile rehema, na msomaji wa leo huona haya. Lakini mistari miwili ya mwisho inawageukia Wakristo weupe na kuwakumbusha, kwa adabu yenye makali, kwamba watu weusi nao wamo katika safari ya mbinguni. Kusoma wimbo wa Newton bila shairi la Wheatley ni kusikia upande mmoja wa kesi.

Karne ya 19 huelezwa kwa kawaida kama karne ya mashaka, na maelezo hayo yanatosha kwa Alfred Tennyson na Matthew Arnold. Tennyson alitumia miaka 17 kumwombolezea rafiki yake Arthur Hallam, aliyefariki Vienna mwaka 1833, na shairi lililotokana na msiba huo, lenye sehemu 131 ukiacha dibaji na hitimisho, lilichapwa mwaka 1850, miaka 9 kabla ya kitabu cha Darwin kuhusu asili ya viumbe, ingawa jiolojia ya Charles Lyell ilikuwa tayari imemtia hofu kwa kuonyesha jinsi viumbe vya zamani vilivyotoweka kabisa. T. S. Eliot alihukumu baadaye kwamba shairi hilo ni la kidini kwa ubora wa mashaka yake kuliko wa imani yake, na hukumu hiyo ni ya haki. Arnold, katika shairi la mwaka 1867 kuhusu ufuo wa Dover, aliisikia imani ikipwa kama bahari, akaacha kuzungumza na Mungu na kumgeukia mpenzi wake. Hapo malalamiko yamekoma, kwa sababu hakuna tena anayelalamikiwa.

Gerard Manley Hopkins hakukoma. Alizaliwa mwaka 1844, akapokewa katika Kanisa Katoliki na John Henry Newman mwaka 1866, na alipojiunga na Wajesuiti mwaka 1868 alichoma mashairi yake akiyaona hayafai kwa wito wake. Alirudi kutunga baada ya meli ya Deutschland kukwama karibu na mlango wa mto Thames mwezi Desemba 1875 na kuwaua watawa watano wa Kifransisko waliofukuzwa Ujerumani kwa sheria za kulibana Kanisa; shairi lake la beti 35 juu ya ajali hiyo lilikataliwa na jarida la Wajesuiti wenzake. Ugeni wake ulikuwa katika mapigo. Hopkins alihesabu mikazo peke yake na kuacha silabi zisizo na mkazo ziwe chache au nyingi kadiri ya haja, hivyo silabi mbili nzito zaweza kukutana ana kwa ana na kutoa sauti ya mgongano. Mfumo huo, ambao ni kinyume kabisa cha mizani ya Kiswahili, ulitokana na imani yake kwamba kila kiumbe kina umbo la ndani lisilofanana na la kingine, na kwamba kiumbe humtukuza Muumba kwa kuwa kile kilicho. Fundisho hilo aliliona likiungwa mkono na Duns Scotus, mwanatheolojia wa Kifransisko wa Zama za Kati.

Mwaka 1884 alipelekwa Dublin kufundisha Kigiriki, na huko, akiwa amelemewa na usahihishaji wa mitihani, upweke na afya mbaya, aliandika soneti ambazo wahakiki wameziita za kutisha. Ndani yake mwamini anaamka gizani na kukuta giza halikwishi, na vilio vyake ni sawa na barua zilizopelekwa kwa mtu anayeishi mbali mno. Lililo la ajabu ni nidhamu: mtu huyu aliyevunja kanuni za mapigo anaishika sheria ya mistari 14 hata pale anapokiri kwamba amefika ukingoni. Soneti ya mwezi Machi 1889 inaanzia katika Yeremia 12:1, pale nabii anapokubali kwamba Mungu ni mwenye haki na bado anamuuliza kwa nini njia ya waovu inafanikiwa. Hopkins anaiweka hoja ya nabii kwa lugha ya mahakama yenye adabu, akamwita Mungu kwa cheo cha heshima, akalinganisha utasa wake na majani na ndege wanaojenga viota, na akamaliza kwa kuomba mvua kwenye mizizi yake. Alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 8 Juni mwaka huohuo, akiwa na miaka 44. Rafiki yake Robert Bridges aliyachapa mashairi yake mwaka 1918.

Baada yake, Eliot aliyebatizwa katika Kanisa la Uingereza mwaka 1927 alikusanya urithi huu wote katika mashairi manne marefu yaliyounganishwa kuwa kitabu kimoja mwaka 1943, na la mwisho, la mwaka 1942, limepewa jina la Little Gidding, kijiji kilekile cha Ferrar, na kuandikwa wakati mabomu ya Ujerumani yalipokuwa yameiunguza London, ambako Eliot alikuwa mlinzi wa zamu dhidi ya moto. Ni kazi ya hadhi ya juu, japo wakati mwingine inafundisha zaidi kuliko inavyosali.

Mrithi wa kweli wa Herbert alikuwa Mwelsh mwenzake, R. S. Thomas, aliyeishi kati ya mwaka 1913 na 2000, na aliyekuwa kasisi wa parokia za vijijini hadi alipostaafu mwaka 1978 akiwa Aberdaron, kanisa lililo ufuoni mwa rasi ya Llŷn. Mashairi yake ya miaka ya 1970 yanamhusu kasisi aliyepiga magoti katika kanisa tupu akimsubiri Mungu ambaye hasemi, na ambaye kutokuwapo kwake kunahisika kama uwepo. Vina vimetoweka na mistari inakatwa ghafla katikati ya sentensi, ili ukimya uingie mahali ambapo Herbert angeweka kina. Thomas halaumu kwa sauti ya juu kama Donne wala haombi mvua kama Hopkins. Anaendelea kuja kanisani.

Msomaji anayetaka kuingia katika fasihi hii asianze na Milton, kama vyuo vingi vinavyomlazimisha. Aanze na mashairi mafupi ya Herbert, ayasome kwa sauti ili asikie kina kinapokosekana na kinaporudi, kisha asome soneti za Hopkins za Dublin, halafu aurudie wimbo wa Cowper katika Tenzi za Rohoni akiwa anajua aliyeutunga aliishi na kufa akiamini nini.